Ni Ugonjwa, Ni Shetani, au Ni Uhalifu? Yale Wanayofunzwa Wataalamu Kuhusu Tamaa Zinazodhuru Watoto

  

Jambo la toleo hili ni zito. Si rahisi kulisema mbele ya wazee na wakwe. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hili ni moja ya maradhi ambayo kijiji kikiyaficha, wanaoumia ni watoto. Tunawaomba mwenyekiti na katibu walisome polepole katika mkutano, kisha mlijadili bila kutajana majina.

Tuchukue mfano. Si kisa cha mtu yeyote wa Ngaremara, ni mfano tu. Akina mama wa kikundi wamekaa chini ya mti wanahesabu pesa za mbuzi. Mama mmoja amenyamaza tangu asubuhi. Mwishowe anasema: binti yake wa miaka tisa alirudi kutoka mtoni akilia, na amemtaja mtu wa ukoo wao wenyewe.

"Mama, huyo mtu ni mgonjwa," mmoja anasema. "Hata mwaka jana tulisikia maneno kama hayo."

"Si ugonjwa, ni shetani," anasema mwingine. "Aombewe tu."

Mzee aliyekuwa akipita anasimama, anaegemea fimbo yake. "Binti zangu, mambo kama haya humalizwa nyumbani. Atoe mbuzi, tufanye maslaha, amani irudi."

"Na mtoto je, mzee?" anauliza yule mama.

Hapo kila mtu ananyamaza. Hebu tuone wale waliosomea jambo hili wanasema nini, ili siku ikifika tusinyamaze.

MAANA YA MANENO

Madaktari wa akili wana neno parafilia. Maana yake ni tamaa ya mwili iliyo mbali na kawaida na iliyokaa ndani ya mtu kwa muda mrefu. Kuna watu tamaa yao huelekea kuchungulia wengine wakioga au wakivua nguo. Kuna wanaotamani kuonyesha uchi wao kwa watu wasiotaka kuona. Kuna wanaojisugua kwa wengine ndani ya matatu au katika umati. Kuna wanaofurahia kuumiza. Na kuna wale ambao tamaa yao inaelekea kwa watoto wadogo ambao bado hawajabalehe.

Lakini tamaa peke yake haijawa ugonjwa. Hilo ndilo somo la kwanza katika mafunzo yao. Kitabu cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, kinachoitwa DSM, kilitenganisha mambo haya mawili waziwazi mwaka 2013. Parafilia huitwa ugonjwa pale inapomtesa sana mwenyewe au kumharibia maisha, au pale inapomdhuru mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani nalo lilipitisha orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, mwaka 2019, nayo ikaanza kutumika mwaka 2022. Orodha hiyo inatilia mkazo zaidi tamaa zinazowahusu watu wasiokubali au wasioweza kukubali. Mtoto hawezi kukubali. Hata akipewa peremende, hata akinyamaza, hata akisema ndiyo, hiyo si ridhaa.

Kwa tamaa ya watoto, kitabu cha DSM kinaweka vipimo hivi: iwe imedumu angalau miezi 6, mtu awe ametenda au awe anateseka nayo sana, awe na umri wa angalau miaka 16, na awe amemzidi yule mtoto kwa angalau miaka 5. Kwa hiyo mvulana wa miaka 12 aliyecheza vibaya na mtoto mwenzake haitwi jina hilo. Mara nyingine mvulana kama huyo naye alifanyiwa na mtu mkubwa. Anahitaji kukatazwa, kulindwa na kusaidiwa na afisa wa watoto. Kumpiga mpaka azimie si kumsaidia.

SI KILA ANAYENAJISI MTOTO NI MGONJWA

Hili huwashangaza wengi. Uchunguzi wa watu waliohukumiwa kwa kudhuru watoto katika nchi za ng'ambo umeonyesha kwamba takriban nusu yao tu, au pungufu, ndio wenye tamaa ya kudumu ya watoto. Hao wengine wana tamaa ya watu wazima kama kawaida. Walimdhuru mtoto kwa sababu alikuwa karibu na hakuna aliyekuwa akiangalia. Au walikuwa wamelewa. Au walitumia ukubwa wao kama mwalimu, baba wa kambo, mwajiri au kiongozi. Wengine walidanganywa kwamba kulala na msichana bikira huponya ukimwi. Huo ni uongo mtupu, na umeumiza watoto wengi katika Afrika.

Kuna na upande wa pili. Wako watu wenye tamaa hiyo ambao hawajamgusa mtoto hata siku moja.

Kwa hiyo yule mama aliyesema "huyo ni mgonjwa" huenda amesema kweli, huenda hakusema. Hapo chini ya mti hakuna awezaye kujua. Na jambo la maana zaidi: si lazima tujue ndipo tumsaidie mtoto. Kazi yetu ni kuangalia kitendo. Kupima tamaa ni kazi ya waliofunzwa.

WAO WANAFUNZWA NINI?

Hapa Kenya wanaokutana na kazi hii ni madaktari wa akili, matabibu na wauguzi waliosomea magonjwa ya akili, wanasaikolojia na washauri, na maafisa wa probesheni wanaoandikia korti ripoti kabla ya hukumu. Washauri na wanasaikolojia wana sheria yao ya mwaka 2014 inayowataka wasajiliwe. Hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, ina sehemu maalum ya wagonjwa waliofikishwa huko na mkono wa sheria.

Mafunzo yao yana mambo mengi. Tutaje yale ambayo hata kikundi kinaweza kujifunza kitu kutokana nayo.

Kwanza, hufunzwa kuuliza bila kuona haya na bila kutukana. Mtu akitukanwa hufunga mdomo, na ukweli hupotea. Lakini kabla ya kuuliza, humwambia mhusika wazi kwamba si kila atakalosema litabaki siri, hasa ikiwa kuna mtoto aliye hatarini.

Pili, hawategemei maneno ya mtu huyo peke yake. Husoma faili ya korti, ripoti ya polisi na ya hospitali, huongea na jamaa zake, na kuangalia alikoishi na alikofanya kazi. Mtu mwenye siri ya miaka ishirini ni hodari wa kuongea vizuri.

Tatu, hutafuta kama kuna sababu nyingine. Mzee ambaye maisha yake yote alikuwa na heshima, kisha ghafla anavua nguo mbele ya watu, huenda ubongo wake unadhoofika. Wengine wameumia kichwa, wengine wana wazimu wa vipindi, wengine ni pombe au bangi. Kila sababu ina njia yake ya kutibiwa.

Nne, hupima hatari ya kurudia. Kipimo kinachojulikana sana kinaitwa Static-99. Kilitengenezwa na Karl Hanson wa Canada na David Thornton wa Uingereza mwaka 1999, na kina maswali 10 tu: mtu ana umri gani, amewahi kuhukumiwa kwa makosa kama hayo mara ngapi, aliowadhuru walikuwa jamaa au wageni, na mengine ya namna hiyo. Kipimo hiki ni cha wanaume wazima ambao tayari wamepatikana na hatia. Hakiwezi kusema kama fulani alitenda au hakutenda. Tena kilitokana na hesabu za wafungwa wa Canada na Uingereza, ndiyo maana mtaalamu wa Afrika hufunzwa kukitumia kwa uangalifu.

Tano, hufunzwa kukubali mipaka yao. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kumtambua mtu wa namna hii. Wala hana alama usoni. Anaweza kuwa mcheshi, mkarimu, mtu wa maombi.

NI MGONJWA, KWA HIYO ASAMEHEWE?

Hapana. Sheria ya Kenya humtazama mtu kama ana wazimu wa kumfanya asijue anachofanya, au asijue kwamba ni kosa. Mwenye tamaa ya watoto kwa kawaida anajua sana. Ndiyo maana hujificha, hungoja mama aende sokoni, na humwambia mtoto, "Usimwambie mtu." Anayejua kuficha anajua kwamba ni kosa.

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, inasema hivi juu ya kunajisi mtoto:

- Mtoto wa miaka 11 au chini: kifungo cha maisha.
- Mtoto wa miaka 12 hadi 15: kifungo kisichopungua miaka 20.
- Mtoto wa miaka 16 hadi 18: kifungo kisichopungua miaka 15.

Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba vifungo hivyo vya chini ni lazima vifuatwe. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 39, inaruhusu korti kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari na kumweka chini ya uangalizi. Hapo ndipo ripoti ya waliofunzwa inapohitajika.

Kuhusu maombi, hatumzuii mtu kumwombea mwingine. Lakini anayeombewa leo na kesho akaachiwa watoto wa shule ya Jumapili, hapo si yeye tu mwenye kosa. Nasi tuliomwachia tuna kosa.

WAGENI WALIOKUJA NA ZAWADI

Tuna mafunzo mawili makubwa kutoka nchi yetu wenyewe.

Simon Harris, Mwingereza, alikuja Gilgil na shirika la kusaidia vijana. Aliwaita wavulana wa mitaani nyumbani kwake, akawapa chakula na mahali pa kulala, na huko akawadhuru. Alihukumiwa korti ya Birmingham mwaka 2015, kifungo cha miaka 17 na miezi 4. Korti ilimpata pia na hatia ya kudhuru wavulana Uingereza miaka mingi kabla.

Gregory Dow, Mmarekani, alifungua nyumba ya watoto yatima Bomet mwaka 2008. Alijiita mmisionari. Lakini mwaka 1996 alikuwa ameshahukumiwa kwao kwa kosa la namna hii, na hapa hakuna aliyeuliza. Alikimbia Kenya mwaka 2017 baada ya mambo kufichuka. Mwaka 2020 alikiri kuwadhuru wasichana wanne, na mwaka 2021 akapewa miaka 15 na miezi 8 katika korti ya Marekani.

Ukisoma visa hivi utaona lile swali la kwanza la wataalamu: huko nyuma alifanya nini? Kikundi kinaweza kuliuliza swali hilo bila digrii. Mgeni anayetaka kukaa na watoto wetu alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na cha nchi yake kama ametoka ng'ambo. Anayekasirika akiulizwa, mwacheni aende na zawadi zake.

Lakini tusiwaangalie wageni peke yao. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayejulikana na familia: jirani, mjomba, mwalimu, kijana wa boda boda, hata mtumishi wa kanisa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya vijana wa Kenya wa miaka 18 hadi 24, wasichana 32 kwa kila 100 na wavulana 18 kwa kila 100 walikuwa wamedhuriwa kwa njia ya kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Angalieni hiyo hesabu ya wavulana. Mtoto wa kiume anayelala malishoni na watu wazima naye anahitaji kulindwa.

MAAMUZI YA MERU NA MASLAHA YETU

Wengine husema, "Hata tukienda polisi hawafanyi kitu." Hapa jirani, Meru, wasichana 11 pamoja na shirika la Ripples International walikwenda korti mwaka 2012 kwa sababu hiyo hasa. Walikuwa wamenajisiwa, wakaripoti, na polisi hawakuchunguza sawasawa. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliamua kwamba polisi walivunja Katiba kwa kutofanya uchunguzi wa haraka na wa kweli, akawaamuru wafanye kazi yao. Kwa hiyo ukifika kituoni ukaambiwa "rudi kesho", una haki ya kusema: hapana, Meru ilishaamuliwa.

Na ile maslaha ya mzee wetu? Wazee tunawaheshimu. Wamemaliza ugomvi mwingi wa malisho na visima ambao serikali ilishindwa nao. Lakini kesi ya namna hii si yao. Kifungu cha 40 cha sheria ya 2006 kilimpa Mkuu wa Sheria uamuzi wa kuisimamisha, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wazazi wakipatana, kesi haijaisha. Tena fikirini: mbuzi hupewa baba. Mtoto hupata nini? Na yule mtu, akishajua kwamba bei ni mbuzi watano, atazuiwa na nini mara ya pili?

SAA 72

Jambo likitokea, fanyeni hivi, na mfanye siku hiyohiyo:

1. Msikilizeni mtoto, mwambieni: "Nakuamini. Si kosa lako." Msimhoji sana, na msimtilie maneno mdomoni. Asirudie hadithi yake mbele ya kila mtu. Korti inaweza kumhukumu mtu kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli, basi tusiuharibu ushahidi huo.

2. Asioge wala asifuliwe nguo. Nguo ziwekwe ndani ya karatasi. Mfuko wa plastiki huzioza.

3. Apelekwe zahanati au Hospitali ya Isiolo kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia ukimwi. Kila saa inayopita huipunguzia dawa nguvu. Msichana aliyebalehe apewe pia dawa ya kuzuia mimba, nayo mwisho wake ni saa 120. Hospitali ya serikali haipaswi kudai pesa kwa matibabu haya. Daktari atajaza fomu ya PRC.

4. Ripotini polisi, mpewe namba ya kitabu na fomu ya P3. Hospitali isingoje P3 ndipo imtibu mtoto. Matibabu kwanza.

5. Mwambieni chifu na afisa wa watoto. Simu ya bure ya watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195.

6. Msimpige mshukiwa wala kuchoma nyumba yake. Akiuawa, hatajibu mbele ya korti, na ninyi mtashtakiwa.

ANAYEOGOPA NAFSI YAKE

Huenda msomaji mmoja wa ukurasa huu anajijua. Hajamgusa mtoto, lakini mawazo yanamsumbua na hana wa kumwambia. Ndugu, wewe hukuchagua mawazo hayo, lakini unachagua utakalofanya. Usikae peke yako na mtoto. Acha pombe. Nenda hospitali, uliza kliniki ya akili, sema ukweli. Kuna matibabu ya mazungumzo yanayomfundisha mtu kujitawala, na kuna dawa za kupunguza nguvu ya tamaa, ambazo hutolewa na daktari kwa uangalizi. Haziondoi kila kitu, lakini zimewasaidia wengi wasianguke. Huko Berlin, Ujerumani, hospitali ya Charité ilianza mwaka 2005 kuwapokea kwa siri watu wa namna hii wanaotaka kusaidiwa kabla hawajatenda kosa, au kabla halijagunduliwa. Kwetu hatuna mlango kama huo wenye kibao nje, lakini muuguzi wa akili ni mlango.

KANUNI ZA KIKUNDI

Kikundi kinaweza kuandika kanuni chache katika kitabu chake:

- Hakuna mtu mzima mmoja peke yake na watoto katika shughuli ya kikundi. Wawe wawili.
- Watoto waende mtoni na kuni kwa makundi, na wachunguzwe wanaporudi.
- Mtoto afundishwe kwamba siri ya mwili wake haiko. Akiguswa asipotaka, apige kelele na aseme.
- Mtu mzima anayempa mtoto mmoja zawadi kila mara na kumtaka anyamaze, aulizwe.
- Wachaguliwe watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kupokea habari kama hizi, na wajue njia ya hospitali na polisi.
- Fungu dogo la nauli ya dharura liwekwe. Saa 72 zimewapita wengi kwa kukosa pesa ya gari.

Turudi chini ya mti wetu. Mama ameuliza, "Na mtoto je?" Jibu la kikundi liwe hili: mtoto kwanza. Mmoja achukue fungu la nauli, mmoja amshike mama mkono, waende barabarani kusimamisha gari. Kama yule mtu ni mgonjwa au si mgonjwa, liko daktari na jaji wa kulipima, na wao wana wakati. Mtoto hana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni maneno gani tunayotumia hapa kwetu kuficha jambo hili?
2. Tukiambiwa leo na mtoto, nani angeenda naye hospitali, na nauli ingetoka wapi?
3. Tunawaambiaje wazee wetu kwa heshima kwamba jambo hili si la maslaha?
4. Watoto wa kiume walioko malishoni, nani anawauliza habari zao?